Saruji ya Tanga: hewa ukaa imejificha kwenye jiwe, si kwenye makaa

Jina la Maweni, huko Tanga, halihitaji mkalimani. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa: ndiyo yaliyotobolewa na maji kwa muda usiohesabika hadi yakawa Mapango ya Amboni kaskazini mwa mji, na ndiyo yanayopasuliwa kwa baruti upande wa Pongwe, kwenye kampuni ya saruji iliyoanzishwa mwaka 1980, na baadaye Maweni kwenyewe. Mji huu uliwahi kuwa na kiwanda cha mbolea na kiwanda cha kusubu nondo, na wazee wa Chumbageni bado wanauzungumzia wakati huo kwa sauti ya mtu aliyefiwa, lakini kiwanda kizito kilichobaki na nguvu zake ni cha saruji. Kwa hiyo mazungumzo ya kupunguza hewa ukaa ya viwandani, yakifanyika Tanga, hayana budi kuwa mazungumzo ya saruji, na ni hapo hasa ambapo naona tunaanza kwa kuangalia mahali pasipo.

Kawaida yetu ni kuangalia bomba la moshi, kisha kuuliza kinachochomwa chini yake. Makaa ya mawe ni machafu, gesi ni afadhali, mabaki ya mimea ni afadhali zaidi, na mjadala unaishia hapo. Kwa kiwanda cha kuzalisha umeme hoja hiyo inatosha. Kwa saruji haifiki hata nusu ya njia, kwa sababu sehemu kubwa ya hewa ukaa haitoki kwenye kinachochomwa ili kutoa joto, inatoka kwenye jiwe linalopashwa joto hilo.

Hesabu yake ni ya darasa la kemia la sekondari. Jiwe la chokaa ni kalisi iliyofungamana na hewa ukaa. Ukiweka kilo 100 za jiwe safi ndani ya tanuri na kulipandisha joto kupita nyuzi 900 hivi, kilo 44 zinapaa angani zikiwa hewa ukaa, na kilo 56 zinabaki zikiwa chokaa hai. Huwezi kupata chokaa hiyo bila kuiachia ile hewa, hata kama moto wako umetokana na jua la saa saba mchana. Baada ya hapo chokaa hukutana na udongo wenye silika ndani ya tanuri refu linalozunguka, joto linafika nyuzi kama 1,450, na mchanganyiko unatoka ukiwa vidonge vigumu vya rangi ya kijivu kinachoelekea weusi, ambavyo wenye kazi yao huviita klinka. Klinka ikisagwa pamoja na jasi kidogo ndiyo inakuwa saruji. Kila tani moja ya klinka imeshaachia, kutoka kwenye jiwe peke yake, kilo kama 520 za hewa ukaa. Makaa ya mawe yaliyochomwa kulipasha moto huongeza zaidi ya kilo 300 hivi katika tanuri la kisasa. Yaani katika kila sehemu tano za hewa ukaa ya klinka, tatu ni za jiwe na mbili tu ndizo za moto.

Dunia inazalisha takriban tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na shughuli hiyo huhesabiwa kuwa chanzo cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Kama saruji ingekuwa nchi, ingetanguliwa na China na Marekani tu, au ingekuwa bega kwa bega na India.

Kemia hii si ngeni katika pwani yetu. Ukishika barabara ya Pangani kutoka Tanga mjini, baada ya mwendo wa kilomita zisizozidi 20 unafika Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya karne ya 14 na ya 15. Na aliye Bagamoyo ana Kaole yake, ya kale zaidi. Kuta zile zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kupanga matumbawe juu ya tanuri la magogo na kuyachoma. Mchomaji chokaa wa Tongoni alikuwa akifanya jambo lile lile linalofanyika Pongwe leo, isipokuwa kwa tofauti mbili. Moto wake ulikula mikoko na minazi, jambo ambalo tunapenda kulisahau tunapowasifu wazee. Na chokaa yake, ikishapakwa ukutani, ilikauka kwa kuivuta tena ile hewa ukaa kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Zege la saruji nalo huvuta, lakini polepole, kuanzia nje kwenda ndani, na kamwe halirudishi kile kilichotokana na makaa. Wanasayansi waliokadiria jambo hilo mwaka 2016 walisema saruji yote iliyotumika duniani tangu 1930 hadi 2013 ilikuwa imerudisha kiasi cha asilimia 43 ya hewa ukaa iliyotoka kwenye mawe yake. Si haba, ila mwenye kiwanda asiifanye kuwa kisingizio, maana sehemu iliyobaki iko juu na inaendelea kukusanyika.

Niseme neno moja kuhusu vumbi, kwa kuwa katika vikao vya mitaa mambo haya mawili huchanganywa mno. Anayeishi karibu na kiwanda cha saruji, popote pale, analalamikia vumbi lililo juu ya bati na kwenye kifua cha mtoto, na ana haki. Kiwanda kikifunga machujio mazuri, vumbi linapungua na bomba linaonekana jeupe. Lakini chujio hainasi hewa ukaa hata gramu moja. Hewa ukaa haina rangi wala harufu, na bomba linaloonekana safi kabisa linaweza kuwa linatoa kiasi kile kile kilichokuwa kikitoka mwaka uliopita. Afya ya jirani na joto la dunia ni madai mawili, na kiwanda kilicholipa moja hakijalipa la pili.

Turudi kwenye moto, maana hata sehemu mbili kati ya tano si za kudharau. Matanuri ya Tanga hayana gesi asilia. Gesi ya Songo Songo ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, na kiwanda cha saruji cha huko, Wazo Hill, kikawa miongoni mwa wateja wa mwanzo. Bomba kubwa la kutoka Mtwara likaongezeka mwaka 2015, nalo likaishia huko huko. Mwaka 2016 serikali ilizuia uingizaji wa makaa ya mawe kutoka nje ili kulinda migodi ya ndani, hasa ile ya Ngaka mkoani Ruvuma. Kwa sera ya viwanda hatua hiyo ilikuwa na maana yake. Kwa kiwanda kilichoko Tanga, kilicho na bandari mlangoni, maana yake ilikuwa malori yanayotembea zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kusini, na dizeli ya malori hayo haiandikwi popote kwenye hesabu ya saruji.

Je, gesi ikiletwa Tanga? Nimejaribu kupiga hesabu. Tanuri zuri la kisasa linahitaji joto la gigajuli kama 3.4 kwa tani ya klinka. Makaa ya mawe hutoa kilo zipatazo 95 za hewa ukaa kwa kila gigajuli, gesi asilia kilo 56. Kwa makaa unapata kilo 323, kwa gesi kilo 190. Ukijumlisha na zile 520 za jiwe, tani ya klinka inashuka kutoka kilo 843 hadi 710. Huo ni upungufu wa asilimia 16 hivi, baada ya kulaza bomba la mamia ya kilomita kwa fedha nyingi kabisa. Sikatai bomba. Nasema tu kwamba anayelitangaza kuwa ndilo jibu la hewa ukaa ya saruji ameacha asilimia 84 mezani.

Mabaki ya mimea yana wapenzi wengi, nami ni mmoja wao, kwa masharti. Kiwanda cha Hima nchini Uganda kimetumia maganda ya kahawa kwa miaka mingi. Hapa Tanga jicho linakwenda kwenye mkonge moja kwa moja, kwa kuwa zao hili, lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, linaacha makapi ya kutisha: jani likipita kwenye korona, yaani mashine ya kuchambua mkonge, zinazopatikana ni singa zenye uzito wa asilimia chache tu ya jani zima, na vilivyobaki ni utomvu na nyama ya jani vinavyomwagwa. Anayeona rundo lile karibu na korona anashawishika kusema, tupeleke tanurini. Tatizo ni kwamba makapi hayo ni maji kwa sehemu kubwa zaidi, na kuyachoma mabichi ni kutumia moto kuchemsha maji. Yanafaa zaidi kuozeshwa yatoe biogesi, kama ilivyofanyika Hale, ambako mtambo wa kuzalisha umeme kwa makapi ya mkonge ulizinduliwa miaka ya 2000 na kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Umeme huo uendeshe korona yenyewe. Tanuri la saruji litafutiwe vitu vikavu, kama vifuu na makumbi, maranda ya mbao na matairi yaliyochakaa, na kuwe na mkono mkali wa sheria, kwa sababu kiwanda chenye njaa ya kuni kikiachiwa huru karibu na mikoko ya ghuba ya Tanga au misitu ya Usambara, hesabu ya hewa ukaa itapendeza kwenye karatasi na milima itabaki vipara.

Umeme naupita haraka. Kusaga tani moja ya saruji, pamoja na kazi nyingine za mitambo, hutumia uniti kama 100. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, linausafisha umeme huo na kuupa utulivu, jambo zuri. Ila tanuri halizunguki kwa umeme tu, linapikwa kwa moto. Wanaofaidi zaidi kwa upande wa hewa ukaa ni wenye viwanda vya nondo, kwa kuwa nondo nyingi za Tanzania hutokana na chuma chakavu kinachoyeyushwa kwenye matanuri ya umeme, wala si madini ya chuma yanayopikwa kwa makaa ya mawe. Mwokota skrepa wa Ngamiani, ambaye hakuna anayemwalika kwenye semina za mazingira, anaokoa hewa ukaa nyingi kuliko wengi wanaozungumza humo.

Sasa tufike kwenye mfuko wenyewe, kwa sababu hoja yangu yote iko humo. Chukua mfuko wa kilo 50 wa saruji ambayo karibu yote ni klinka, asilimia 95. Ndani yake mna kilo 47.5 za klinka, na kwa hesabu niliyotoa hapo juu, umeshagharimu anga kilo 40 za hewa ukaa. Chukua mwingine, kilo 50 zile zile, wenye klinka asilimia 65 na sehemu iliyobaki ni unga wa jiwe bichi la chokaa au majivu ya volkano. Huo umegharimu kilo 27 na kidogo. Ni tanuri lile lile, makaa yale yale na bomba lile lile la moshi, lakini theluthi nzima karibu imeondoka kwa sababu tu jiwe lililosagwa bila kupikwa halikuachia hewa yake. Hiyo ni mara mbili ya kile ambacho bomba la gesi lingetupa, na mitambo inayohitajika ni ya kusaga na kuchanganya, ambayo Tanga inayo tayari.

Swali la haki ni umbali gani tunaweza kwenda. Nchi nyingine zilipunguza klinka kwa majivu ya mitambo ya umeme wa makaa ya mawe na kwa masalia ya matanuri ya chuma. Sisi hatuna mitambo mikubwa ya aina hiyo, na tusitamani kuwa nayo kwa ajili ya majivu. Tuna pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano, lakini yapo kaskazini kuelekea Arusha na kusini upande wa Mbeya, ambako kiwanda cha saruji cha huko huyatumia. Tanga ina jiwe la chokaa lisilokwisha, ila jiwe bichi peke yake lina kikomo, maana ukizidisha, saruji inalegea.

Njia iliyofungua mlango zaidi ya hapo ni ya udongo. Watafiti wa Lausanne nchini Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Cuba na India, walionyesha kwamba udongo wenye madini ya kaolini ukichomwa kwa nyuzi 700 hadi 850 tu, ambazo ni karibu nusu ya joto la klinka, hupata tabia ya kushikana na chokaa kama pozolana, na zaidi ya hapo husaidiana na unga wa jiwe bichi kwa namna ambayo kila kimoja peke yake hakiwezi. Mchanganyiko wao ni klinka sehemu 50, udongo uliochomwa 30, jiwe bichi 15 na jasi 5. Udongo hauna hewa ukaa ya kuachia; unaachia mvuke wa maji. Kwa mfuko wetu wa kilo 50, klinka ni kilo 25, sawa na hewa ukaa kilo 21, ukiongeza kilo tatu au nne za kuuchoma udongo unapata kama 25 badala ya 40. Hili si jambo la maabara tena: Abidjan walijenga mtambo wa kuchoma udongo, na Tema nchini Ghana wakajenga mkubwa zaidi. Wote ni watu wa pwani ya joto kama sisi, na wote walisukumwa na jambo ambalo halihusiani sana na tabianchi: walichoka kununua klinka kutoka nje kwa fedha za kigeni.

Nasi udongo tunao. Kaolini ya Pugu, wilayani Kisarawe, inajulikana tangu enzi za ukoloni, na iko jirani zaidi na Wazo Hill na Bagamoyo kuliko Tanga. Kwa Tanga, udongo wa milima ya Usambara, ulionyeshewa na kuchujwa kwa muda mrefu, una kaolini kwa wingi, na njia hii haidai udongo safi wa kutengenezea vyombo vya kauri, inaridhika na wenye kaolini asilimia 40 hivi. Sisemi tuvamie mashamba ya Lushoto au msitu wa Amani. Nasema mahali pa kuchukua sampuli ni kwenye machimbo yaliyokwisha kufunguliwa na kwenye udongo wa juu unaosukumwa kando na matingatinga ili kulifikia jiwe, kabla mtu hajachora ramani ya mlima.

Hapa ndipo tunapokutana na fundi, na wachambuzi wengi humruka. Udongo wenye chuma ukichomwa unakuwa mwekundu, na saruji yake inaelekea rangi ya tofali. Mwaka nilipokuwa nikijenga ukuta wa nyumba, fundi wangu alifungua mfuko, akachota kiganja kimoja, akausugua unga kwa kidole gumba na kusema, "Hii imechakachuliwa, bosi, angalia ilivyo nyeupe." Ilikuwa nyeupe kidogo kwa sababu ilikuwa na unga mwingi wa jiwe la chokaa, kama ilivyoandikwa kwenye mfuko. Haikuwa imechakachuliwa na mtu. Lakini nani atamlaumu, katika soko ambalo mbolea, mafuta na hata dawa zimewahi kuchakachuliwa? Macho na kidole gumba ndiyo maabara pekee aliyonayo. Mpelekee saruji nyekundu kesho, uone atakavyokurudishia mfuko wako. Rangi inaweza kudhibitiwa, kwa kuupoza udongo mahali penye upungufu wa oksijeni ili ubaki wa kijivu, na kiwanda kitakachopuuza kipengele hicho kwa kuona kuwa ni urembo tu kitakuwa kimetupa mtaji wake wote.

Kuna la pili ambalo fundi analijua kuliko mimi. Saruji yenye klinka kidogo haina haraka. Mfyatua tofali wa kando ya barabara anataka tofali la leo liuzwe keshokutwa, na mwenye ghorofa anataka mbao zitolewe chini ya zege mapema zikatumike juu. Saruji hii inataka kumwagiliwa maji siku saba, nane, na mtu wa kusubiri. Kwenye mji ambao maji ya bomba yanakuja na kuondoka kama yule mgeni wa methali ya Tanga, waja leo waondoka leo, sharti hilo si dogo. Ndiyo maana sipendi kusikia wataalamu wakimlaumu fundi kwa kung'ang'ania mfuko wa 42.5, namba ya daraja la nguvu ya saruji, hata kwa kupiga lipu. Ananunua usalama dhidi ya kila kitu kingine kinachoweza kuharibika: mchanga wenye udongo, maji yaliyozidi, kipimo cha koleo badala ya ndoo. Ukitaka atumie klinka kidogo, mfundishe kupima kwa ndoo na kupunguza maji ya zege kwanza, kwa maana zege lenye maji mengi humeza mifuko mingi bila kupata nguvu, na mfuko usiotumika ndio wenye hewa ukaa ndogo kuliko yote.

Kwa upande wa pili, mtu wa pwani ana sababu yake mwenyewe ya kuipenda saruji hii, nayo ni chumvi. Nyumba za Raskazone zinaharibika kwa namna tunayoijua sote: nondo inashika kutu ndani, inavimba, zege linapasuka na kudondoka vipande kwenye kingo za dari. Chanzo ni chumvi ya bahari inayopenya zege na kuifikia nondo. Zege lenye udongo uliochomwa au pozolana huwa na vinyweleo vyembamba zaidi, na chumvi hupenya kwa shida. Nikiri upande wa pili: zege la klinka kidogo linaingiwa na hewa ukaa ya angani haraka kidogo, na hilo nalo huidhuru nondo baada ya miaka mingi, hivyo unene wa zege linaloifunika nondo usifanyiwe ubahili. Lakini ufukweni adui wa kwanza ni chumvi, na ningekuwa mwenye kiwanda, tangazo langu Tanga lingezungumzia kutu ya nondo na lisitaje tabianchi hata mara moja.

Watakuwepo wanaosema tusubiri teknolojia ya kuinasa hewa ukaa kwenye bomba. Ipo. Brevik, nchini Norwe, kiwanda cha Heidelberg Materials, kampuni hiyo hiyo inayomiliki hisa nyingi za Wazo Hill, kilizindua mwaka 2025 mtambo wa kunasa tani 400,000 kwa mwaka, takriban nusu ya hewa ukaa ya kiwanda, na kuisafirisha kwa meli ikazikwe chini ya Bahari ya Kaskazini. Ni kazi ya kuvuliwa kofia. Lakini sehemu kubwa ya gharama ilibebwa na serikali ya Norwe, nchi yenye utajiri wa mafuta na uzoefu wa miongo ya kuzika gesi chini ya bahari. Kwa Tanga, kuisubiri Brevik ni sawa na kukataa kuziba paa linalovuja leo kwa kuwa kuna siku tutajenga ghorofa.

Wengine wanauliza swali zito zaidi: kwa nini sisi? Mtanzania mmoja hutumia saruji chini ya nusu ya wastani wa dunia, ambao unazidi kilo 500 kwa mtu kwa mwaka, na madarasa bado hayatoshi. Nakubaliana na swali hilo kwa moyo wote, na nadhani linajibiwa na hesabu ya kiwanda kuliko ahadi ya taifa, ile ya mwaka 2021 ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 kulinganisha na hali ya kutofanya lolote. Tanuri la saruji likijengwa linafanya kazi miaka 40, 50. Kwa kuwa tutahitaji saruji nyingi zaidi, kilicho mbele yetu ni uchaguzi wa kuongeza matanuri ya klinka au kuongeza mitambo ya kusaga na kuchoma udongo kwa klinka ile ile. Tani milioni moja ya klinka inatosha saruji tani 1,050,000 hivi kwa mapishi ya zamani, na inatosha tani milioni 2 kwa mapishi ya klinka nusu. Klinka ndiyo inayokula makaa ya kutoka Ngaka, ndiyo inayokula matofali ya kuhimili moto yanayoagizwa nje, ndiyo gharama ya mfuko. Mara chache sana uchumi na anga huvutia kamba upande mmoja.

Kama ni hivyo, kwa nini haifanyiki kwa kasi? Jibu langu ni mnunuzi, na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali. Reli, barabara, madaraja, madarasa na zahanati hujengwa kwa nyaraka za zabuni, na zabuni nyingi hutaja aina ya saruji kwa mazoea: 42.5, klinka nyingi, mjadala umefungwa. Mhandisi anayesaini hana faida yoyote ya kubadilisha, ana hatari tu. Zabuni ingeweza kudai nguvu ya zege baada ya siku 28, au hata 56 kwa msingi ambao hautabebeshwa mzigo kabla ya hapo, pamoja na kiwango cha kuzuia chumvi kwa majengo ya pwani, na kumwachia mzalishaji atafute njia ya kufika huko kwa klinka chache zaidi. Shirika la Viwango linalo jukumu la kuhakikisha mchanganyiko wa udongo uliochomwa una nafasi iliyo wazi kwenye viwango vyetu, na kupima sokoni kwa ukali ili kidole gumba cha fundi kisiwe mkaguzi pekee nchini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ilifumuliwa mwaka 2023. Kanuni na miongozo inayoizunguka ni rahisi kuliko bomba la gesi, na bei yake ni wino.

Biashara ya kaboni, iliyowekewa kanuni mwaka 2022 na kituo chake kikiwa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, imeelekea zaidi kwenye misitu. Viwanda vinaweza kuingia, lakini mradi ambao unaokoa fedha kwa mwenye kiwanda ni vigumu kumshawishi mnunuzi wa kaboni kwamba usingefanyika bila yeye. Sitaweka matumaini mengi huko.

Ningeweka kwenye karatasi ya mfuko. Watanzania tunanunua saruji kwa jina la mnyama: nipe Simba, nipe Twiga, nipe Tembo, nipe Nyati. Chini ya mnyama huyo, kwa herufi ndogo, mifuko mingi tayari imeandikwa siri yote. CEM I maana yake ni karibu klinka tupu. CEM II ikifuatiwa na A, kilichochanganywa ni asilimia 6 hadi 20. Ikifuatiwa na B, ni 21 hadi 35. Herufi inayofuata inataja kilichochanganywa: L ni jiwe la chokaa, P ni pozolana ya asili, Q ni ile iliyochomwa. Juzi nilimuuliza muuzaji mmoja wa vifaa vya ujenzi, barabara ya kumi na mbili, kama anajua B-L ni nini. Akaugeuza mfuko, akausoma, akauliza kwa nini hawakuandika kwa Kiswahili.